Mlango wa Gari Hili Uko Wapi?

Mwenyekiti wa mkutano, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa viti vya nyuma mkidhani siwaoni, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumze juu ya magari ya maonyesho, yale ambayo kampuni huyaunda moja moja ili yatazamwe tu. Wengine huyaita magari ya dhana, wengine magari ya ndoto. Mimi ni fundi bodi. Maisha yangu yamepita kati ya nyundo, puti na msasa, na gari huletwa kwangu likishakutana na ukuta. Kwa hiyo msitarajie maneno ya wasanii.

Mtu wa kazi yangu akiingia kwenye ukumbi wa kuyatazama magari hayo, kama nilivyoingia mimi, anapata taabu moja kubwa: haruhusiwi kugusa. Sisi gari tunalijua kwa kiganja. Jicho hudanganywa na mng'ao wa rangi, lakini kiganja kikipita juu ya bati kinakwambia hapa palibonyea, hapa pana puti, hapa fundi alichoka akataka kwenda kulala. Sasa pale kuna kamba, kuna kibao, kuna mlinzi. Nikafunga mikono nyuma. Nilipochuchumaa kuchungulia chini ya gari la kwanza, mlinzi akakohoa. Nikasimama. Alipogeuka, nikachuchumaa tena.

Gari lenyewe lilikuwa Lancia Stratos Zero ya mwaka 1970, kazi ya Marcello Gandini alipokuwa na kampuni ya Bertone huko Italia. Chukueni kabari ya kupasulia kuni, ikuzeni, ipakeni rangi ya shaba, mtakuwa mmelipata. Kimo chake ni sentimita 84. Mimi halinifiki kiunoni. Injini iko nyuma, imefunikwa kwa vibati vya pembetatu vilivyopangwa kama magamba. Taa za mbele ni mstari mmoja mwembamba, mtu anaweza kudhani ni urembo tu. Dereva wa gari hili haketi, analala chali akitazama vidole vyake vya miguu. Husimuliwa kwamba Nuccio Bertone, mwenye kampuni, alipolipeleka kwa wakubwa wa Lancia, alipita nalo chini ya kizuizi cha getini bila mtu kukiinua. Ukiliona, unaamini.

Nikiwa nimeduwaa pale, akaja mama mmoja mtu mzima, mkongojo mkono mmoja, mkono wa pili ameshikwa na mwanawe. Akalitazama gari lile kuanzia puani mpaka mkiani, akarudi puani.

"Mwanangu, mlango uko wapi?"

"Halina mlango wa pembeni, mama. Unainua hicho kioo cha mbele, unakanyaga hapo kwenye pua, unasukuma usukani mbele, halafu unaingia."

Mama akanyamaza kidogo. "Hili mkinipa bure," akasema, "nitaomba na winchi."

Tulicheka wote, hata mlinzi. Lakini swali lile likaniganda kama ruba. Nilizunguka ukumbi mzima nikiulizia mlango, na tangu siku ile sina kipimo kingine cha magari haya. Nguvu za farasi kampuni inaweza kuziandika kwenye kibao, na nani atazipima? Mwendo wa kasi vilevile. Mlangoni ndipo mbunifu anapokutana na mtu mwenye magoti, mgongo, tumbo na mtoto mgongoni. Akimsahau mtu huyo, hapo ndipo itaonekana.

Tuanzie mbali kidogo. Gari ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza la aina hii ni Buick Y-Job ya mwaka 1938. Liliundwa chini ya Harley Earl, mkuu wa ubunifu wa General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, mtu mrefu mwenye sauti kubwa, aliyewazoesha watu wake kuchonga magari kwa udongo badala ya kuyachora tu kwenye karatasi. Lilikuwa na taa zinazojificha, vioo vinavyopanda na kushuka kwa umeme, na vitasa vya mlango vilivyolala sawasawa na bodi. Earl hakulifungia stoo. Alikuwa akiliendesha mwenyewe kwa miaka. Hilo mimi nalipenda. Mpishi anayekula chungu chake.

Sasa tazameni vile vitasa vilivyolala. Leo magari mengi mapya ya umeme yanavyo, na wauzaji wanavitangaza kana kwamba vimeshuka jana kutoka mwezini. Ni vya mwaka 1938, jamani. Na kama mnataka neno la fundi: vinapendeza mpaka siku vumbi na matope yatakapoingia kwenye kile kijishimo.

Baada ya vita vya pili vya dunia General Motors wakawa na maonyesho yao wenyewe yaliyoitwa Motorama, yakazunguka miji ya Marekani kuanzia 1949 mpaka 1961. Hapo ndipo wazimu ulipokolea. Ndege za jeti zilikuwa zimeingia vichwani mwa watu, kila mbunifu akataka gari lenye mkia. Kwenye ukumbi wetu palikuwa na Firebird I, na kusema kweli hilo ni ndege iliyokosa anga. Pua ndefu, mabawa mafupi, pezi mkiani, kiti kimoja, na kifuniko angavu juu ya kichwa cha dereva. Injini yake ni turbini, jamii ya injini za ndege, yenye nguvu za farasi 370. Moshi ulitoka nyuma ukiwa na joto la nyuzi karibu 680 za Selsiasi. Fikirini mko kwenye foleni, na hilo liko mbele yenu.

Mlango? Kifuniko kinainuka, unaingia kwa juu kama mtu anayeingia mtumbwini. Kwa gari la kufanyia majaribio sina ugomvi nalo. Walijua wanachotafuta na hawakumdanganya mtu kwamba ni gari la familia.

Ugomvi wangu ni na jirani yake, Cadillac Cyclone ya mwaka 1959. Hili lilinichukua karibu nusu saa. Mbele lina koni mbili nyeusi zilizotokeza kama pua za makombora, na ndani ya koni hizo waliweka rada ya kumwonya dereva kuna kitu mbele. Juu kuna kuba la plastiki angavu, limepakwa fedha kwa ndani kukinga jua. Milango haifunguki kwa bawaba; inasogea nje kidogo kisha inateleza kurudi nyuma. Mpaka hapo nikasema, haya, huyu mtu kafikiri, kwenye nafasi finyu mlango wa kuteleza ni msaada. Halafu nikafika kwenye jambo lililonivunja mbavu: kwa sababu abiria amefungiwa ndani ya kuba, waliweka kipaza sauti ili aweze kuongea na mtu aliye nje. Yaani umemfungia binadamu kwenye chupa, kisha ukagundua hawezi kumsalimu jirani, na badala ya kuifungua chupa ukamnunulia redio.

Lakini haki yake nimpe. Ile rada ipo leo. Bampa likiletwa kwangu siku hizi, swali la kwanza si limevunjika wapi, ni kama nyuma yake kuna rada, maana puti na rangi nene huivuruga, gari likaanza kujifungia breki barabarani bila sababu. Vivyo hivyo Buick Centurion ya mwaka 1956: mahali pa kioo cha kutazamia nyuma waliweka kamera mkiani na televisheni kwenye dashibodi. Watu waliona ni mchezo. Leo mtu hawezi kurudi nyuma bila kamera, shingo imesahau kazi yake. Nimeliona hili mara nyingi kwenye magari ya maonyesho. Ahadi kubwa, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa, hufa. Kidude kilichowekwa pembeni kama kiungo cha mchuzi ndicho kinachoishi.

Ahadi kubwa kuliko zote sikuiona kwa macho, ila ni lazima niitaje. Mwaka 1958 kampuni ya Ford ilionyesha Nucleon, gari la kuendeshwa kwa nguvu za atomu. Ilikuwa modeli tu, ukubwa wa sehemu tatu kati ya nane za gari kamili, na ipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford kule Dearborn, Michigan. Kinu cha nyuklia kingekaa nyuma, na walikadiria lingekwenda kama kilomita 8,000 kabla ya kubadilishiwa kiini chake. Kwa ajili ya uzito wa kinu na kinga yake, abiria wakasogezwa mbele kabisa, mbele hata ya ekseli ya magurudumu ya mbele. Nilipoitazama picha yake, suala la mlango lilinitoka kabisa. Nilikuwa nahesabu hatua kati ya siti na kinu. Halafu nikajiuliza: likigongwa nyuma, linaletwa kwa fundi gani?

Kabla hamjaniona mchokozi mtupu, kuna gari la maonyesho lililotoka jukwaani na kuingia barabarani karibu vilevile lilivyokuwa. Corvette, gari la michezo la General Motors, ilionyeshwa Januari 1953 katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, bodi yake ya faibaglasi. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo magari ya kuuza yakaanza kutoka kiwandani, na mwaka ule yalitengenezwa 300. Sasa nadhani mnajua nitauliza nini. Hayakuwa na kitasa cha nje! Ukitaka kufungua, unapitisha mkono ndani unatafuta kitasa, na kama mapazia ya pembeni yamefungwa, maana vioo vya kupandisha hayakuwa navyo, unaanza kwanza na pazia. Mvua inanyesha. Jukwaani hakuna mvua.

Hapa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana vijana wengi hudhani kila gari la maonyesho ni gari. Mengi ni sanamu. Wanaanza na fremu ya mbao na povu gumu, juu yake wanapaka udongo maalumu unaolainika ukipashwa moto, wanauchonga kwa vyembe na visu mpaka mstari ukae. Ukishakaa wanaufunika kwa utando mwembamba wa plastiki unaofanana na rangi ya gari, na ukiwa hatua kumi huwezi kujua. Mlango hapo ni mfereji uliochorwa kwa ncha ya chombo. Vioo ni vyeusi kwa sababu nyuma yake hakuna siti, kuna udongo. Ndiyo maana magari haya huwa na mapengo membamba ajabu kati ya mlango na bodi. Mteja akiniletea picha ya gari la maonyesho akaniambia, fundi, nataka mlango wangu ukae hivi, namwambia, ndugu yangu, mlango ule haujawahi kufunguliwa.

Yale ya miaka ya 1950 yaliyokuwa magari kweli yalipata mwisho mbaya wa aina yake. Likishazunguka na watu wakishachoka nalo, gari la maonyesho ni mzigo: halina leseni, linakula nafasi, na kampuni haitaki mtu alione limezeeka. General Motors waliyapeleka baadhi kwenye yadi ya vyuma chakavu ya Warhoops, Michigan, yakakatwekatwe. Mwenye yadi hakuyamaliza yote. Mwaka 1988 mkusanyaji Joe Bortz alikuta huko mabaki ya magari ya mwaka 1955, kati yake Chevrolet Biscayne ikiwa vipandevipande. Imeunganishwa upya baada ya kazi ya miaka mingi. Nasema hili mbele ya mafundi wenzangu kwa sababu wao wanaelewa: kuunganisha faibaglasi iliyokatwa kwa msumeno, bila gari la pili la kulinganishia, bila kipuri hata kimoja duniani. Aliyeichora anatajwa vitabuni. Waliomwaga jasho kuirudisha, mimi ndio ningependa kuwapa mkono.

Na kuna moja ambalo hakuna fundi atakayelifikia. Chrysler Norseman ilijengwa na kampuni ya Ghia, Turin, Italia. Enzi hizo vioo vya mbele vilikuwa vimejikunja pembeni, nguzo ya kioo ikarudi nyuma ikawa inapiga magoti ya kila anayeingia. Muulizeni yeyote aliyewahi kupanda magari yale. Norseman iliiondoa nguzo hiyo kabisa. Paa lake lilishikiliwa kwa nyuma tu, mbele likaelea. Walipolimaliza wakalipakia kwenye meli ya Andrea Doria kwenda Marekani. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 meli hiyo iligongana na meli nyingine, Stockholm, karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, asubuhi yake ikazama. Watu 51 walipoteza maisha kwenye ajali ile, na ukilinganisha na hilo gari ni kitu kidogo. Ila gari ambalo goti lingepita salama liko chini ya bahari, na sijui kwa nini jambo hilo linanisumbua mpaka leo.

Nirudi ukumbini. Lililonifanya nisimame mpaka miguu ikafa ganzi ni BMW GINA, lililoonyeshwa mwaka 2008, kazi ya kikundi cha Chris Bangle, mkuu wa ubunifu wa BMW wakati huo. Halina bati. Narudia, halina bati. Lina fremu ya chuma chepesi, na juu yake limevalishwa kitambaa kinachonyumbuka, ndugu wa vile vya nguo za kuogelea, kilichowekewa utando kisipitishe maji. Vipande vinne tu vinafunika gari zima. Kimoja kinaanzia puani, kinapanda mpaka kwenye kioo cha mbele na kushuka ubavuni hadi mwisho wa mlango, bila mshono.

Gari lilikuwa limetulia, lakini kando yake palikuwa na skrini inayoonyesha linavyofanya kazi. Taa zinafumbuka kama jicho la mtu aliyeamshwa, kwa sababu ni kitambaa kinachovutwa na fremu chini yake. Boneti haliinuki; linapasuka katikati, mwanya unafunguka kama shati lililofunguliwa vifungo viwili, injini inaonekana kifuani. Na mlango, mabibi na mabwana! Mlango unafunguka kwenda juu, na pale unapokutana na bodi kitambaa kinajikunja, mikunjo midogomidogo, kama ngozi ya kiwiko cha mkono. Ukifungwa, mikunjo inapotea. Hakuna pengo. Mimi niliyepoteza miaka nikihangaika na pengo la mlango, kusogeza bawaba kwa unene wa kadi ya simu, kupima, kulegeza, kukaza, nikasimama pale naona mtu kaliondoa tatizo lenyewe.

Kijana mmoja aliyesimama karibu yangu akauliza, "Mzee, hili likigongwa?" Nikamwambia sijui kama utaniita mimi au fundi cherehani.

Baada ya GINA mengine yalipita haraka machoni pangu, pamoja na yale niliyoyaona kwenye picha tu. Mercedes-Benz Vision AVTR ya mwaka 2020 haina usukani, mgongoni ina vibati 33 vinavyotikisika kama magamba ya mjusi, na inaweza kwenda kiupandeupande kama kaa. Inavutia watoto. Toyota Setsuna ya mwaka 2016 ni mambo mengine. Bodi yake ni mbao, vipande vimeshikana kwa maungo ya useremala bila misumari wala skrubu, na ndani kuna mita ya kuhesabu miaka 100. Kila kibao cha bodi kinaweza kung'olewa na kuwekwa kipya. Hilo ni gari lililochorwa na mtu anayejua kwamba siku moja litafika kwa fundi, na mimi nilihisi kama ametuachia barua.

La mwisho lilikuwa pembeni, karibu na mlango wa kutokea, na watu wengi walilipita wakikimbilia nje. L'Œuf électrique, Yai la Umeme. Lilitengenezwa na Paul Arzens, msanii wa Paris ambaye baadaye alikuja kuchora vichwa vya treni vya reli ya Ufaransa. Mwaka ni 1942, mji umetekwa na Wajerumani, petroli haipatikani. Akachukua aluminiamu akaikunja kwa mkono, akaiwekea vioo vikubwa vya plastiki vilivyoviringana, magurudumu matatu, mota na betri. Na betri zilikuwa na uzito kuliko gari lenyewe. Alitengeneza moja, akaliendesha. Hakukuwa na jukwaa wala kampuni ya kushangilia. Alitaka tu kwenda mahali.

Nililikagua lile yai kwa muda mrefu. Aluminiamu iliyonyooshwa kwa mkono ina mawimbi madogo sana, mwanga ukipita juu yake unayumba kidogo, na mimi nikaona kila pigo la nyundo kana kwamba nilikuwepo. Mlango uko ubavuni, mkubwa kuliko nilivyotarajia kwa gari dogo vile, kioo chake kimekuja mpaka chini.

Pale ndipo nikamkuta tena yule mama wa mkongojo. Amesimama anatazama ndani, anapima kwa macho. Akamgeukia mlinzi.

"Mjukuu wangu, naweza kukaa humu?"

"Hapana, bibi, samahani. Hairuhusiwi."

"Basi. Lenyewe limenikaribisha, wewe ndiye umenikatalia."

Mlinzi akakosa la kusema. Akaenda, akarudi na kiti chake mwenyewe, akamwekea kando ya lile yai, na mama akakaa hapo, mkongojo magotini, mpaka kengele ya kufunga ikalia.